Bwana Msa: Mzee wa Makunduchi aliyetufundisha kumtafuta muuaji kwa akili

Kuna swali ambalo hutufikia mara kwa mara kutoka kwa vijana wa Busunzu na vijiji vingine vya Kibondo na Kasulu. Wanataka kujua ni nani aliyeanza kuandika riwaya za mauaji na upelelezi kwa lugha yetu ya Kiswahili. Wengi wao wamewahi kushika kitabu cha namna hiyo shuleni au nyumbani kwa ndugu. Mara nyingi ni kitabu kilichochakaa, kimepita mikono mingi, na kurasa za mwisho hazipo. Hapo ndipo ubishi unapoanza. Mmoja anasema muuaji ni mpwa wa marehemu, mwingine anasema ni mtumishi wa nyumba, wa tatu anaapa kuwa ni yule rafiki anayelia kuliko wote msibani. Kila mmoja ana muuaji wake, na hakuna wa kuamua.

Tumeona leo tulijibu swali hilo kwa kueleza maisha ya mtu mwenyewe. Jina lake ni Muhammed Said Abdulla, Mzanzibari aliyezaliwa mwaka 1918 na kufariki mwaka 1991. Wasomaji wengi hawamjui kwa jina hilo. Wanamjua kwa jina la mhusika wake mkuu, Bwana Msa, na mwisho wake watu wakamwita hivyo hata yeye mwenyewe. Ukitazama vizuri utaona sababu: herufi za Msa ni herufi za mwanzo za Muhammed, Said na Abdulla.

Mtoto wa Makunduchi

Muhammed Said Abdulla alizaliwa Makunduchi mwezi Aprili 1918. Makunduchi ni mji mkongwe ulioko kusini kabisa mwa kisiwa cha Unguja. Ardhi ya upande huo ni ya mawe ya matumbawe, si udongo mzito kama ule wa mashamba ya karafuu, na watu wake tangu zamani wameishi kwa kilimo cha kubahatisha baina ya mawe, ufugaji kidogo na uvuvi. Wana lahaja yao, ambayo mtu wa Unguja mjini akiisikia kwa mara ya kwanza hutega sikio mara mbili. Kila mwezi wa saba Makunduchi husherehekea Mwaka Kogwa, sikukuu ya mwaka mpya wa jadi, na watu hutoka mbali kwenda kuishuhudia.

Tunayataja haya kwa sababu yanatusaidia kumwelewa mwandishi. Huyu hakuwa mtu aliyesoma habari za mizimu na mila katika vitabu vya wageni. Alizaliwa mahali ambapo mambo ya kale yalikuwa sehemu ya maisha ya kila siku, ambapo wazee walijua pango lipi lina heshima yake na mbuyu upi haukatwi. Wasikilizaji wetu wa Buha watalielewa hilo bila maelezo mengi. Huku kwetu pia wazee wanawakumbuka wateko, waliokuwa walinzi wa ardhi na wa mahali pa kutambikia, na bado kuna vichaka ambavyo mtu mzima hapiti akipiga mluzi.

Wakati wa utoto wake Zanzibar ilikuwa na Sultani, Seyyid Khalifa bin Harub, lakini wenye nguvu hasa walikuwa Waingereza. Nafasi za shule zilikuwa chache. Muhammed Said alibahatika kusoma, akamaliza masomo yake mwaka 1938 akiwa kijana wa miaka 20.

Bwana afya

Kazi yake ya kwanza ilikuwa katika idara ya afya, akiwa mkaguzi. Ni kazi ambayo sisi huku tunamwita mwenye nayo bwana afya. Aliifanya kwa miaka 10 hivi, mpaka mwaka 1948.

Msikilizaji anayeishi kijijini anajua kazi ya bwana afya ilivyo. Anaingia ua kwa ua. Anatazama kisima kimefunikwa au kiko wazi. Anauliza maji machafu yanakwenda wapi, choo kilichimbwa lini, nyama hii imetoka kwa mchinjaji gani. Watu wanamjibu kwa adabu, lakini si wote wanaomwambia kweli, kwa kuwa kila mmoja anaogopa faini. Kwa hiyo anajifunza kutosikiliza maneno peke yake. Anatazama pia kile ambacho macho yanaona: unyevu ukutani, mavi ya panya nyuma ya gunia, ndoo iliyofichwa haraka.

Ukisoma riwaya zake baadaye, unaona kama mtu huyu wa kwanza hakumtoka kamwe. Mpelelezi wake anaingia nyumbani kwa watu, anakaa, anazungumza nao kwa upole, na huku macho yake yanahesabu vitu. Huo ni usomaji wetu sisi, lakini tunadhani kila aliyewahi kumpokea bwana afya nyumbani kwake atakubaliana nasi.

Kuingia magazetini

Mwaka 1948 aliacha kazi ya afya akawa mhariri wa gazeti la Zanzibari. Katika miaka iliyofuata alifanya kazi pia ya uhariri msaidizi katika magazeti ya Al Falaq, Al Mahda na Afrika Kwetu.

Majina hayo si madogo. Miaka ya 1950 Zanzibar ilikuwa ikichemka kwa siasa. Al Falaq lilikuwa gazeti la Jumuiya ya Waarabu, na Afrika Kwetu lilikuwa upande wa Waafrika. Mtu aliyepita katika vyumba vya magazeti ya pande hizo aliwasikia Wazanzibari wa kila aina: mwenye shamba na mchumaji karafuu, mwenye duka na mpagazi wa bandarini. Alijifunza pia jambo moja ambalo kila mwandishi wa habari hujifunza mapema, kwamba tukio moja linaweza kusimuliwa kwa namna tano, na zote tano zikawa na wasimulizi wanaoamini wanayoyasema.

Mwaka 1958 alihamia gazeti la Mkulima, jarida la mambo ya kilimo, akawa mhariri wake kwa miaka 10 mpaka alipostaafu mwaka 1968. Kwa hiyo mtu ambaye usiku aliandika habari za maiti na wauaji, mchana alikuwa akihariri habari za mazao. Wakulima wetu wa maharage, mihogo na kahawa wanaosoma makala haya wamfikirie kama mtu aliyekuwa karibu nao kikazi.

Shindano lililobadilisha mambo

Ili kuona ukubwa wa alichokifanya, lazima tukumbuke hali ya vitabu vya Kiswahili wakati ule. Mashairi na tenzi vilikuwepo kwa mamia ya miaka. Hadithi ndefu za nathari zilikuwa chache. Wanafunzi walisoma tafsiri za vitabu vya Kiingereza, kama Mashimo ya Mfalme Sulemani na Kisiwa chenye Hazina, ambavyo mashujaa wake walikuwa Wazungu. James Mbotela wa Kenya alikuwa ametoa Uhuru wa Watumwa mwaka 1934. Shaaban Robert wa Tanga alikuwa ameandika hadithi zake za mafumbo na maadili, kama Kusadikika, zinazotokea katika nchi ambazo haziko kwenye ramani.

Mwaka 1948 ilianzishwa taasisi ya vitabu ya Afrika Mashariki, iliyokuwa na makao yake Nairobi. Kazi yake ilikuwa kuchapisha vitabu kwa lugha za wenyeji na kuwatia moyo waandishi. Katika miaka ya 1957 na 1958 taasisi hiyo iliendesha shindano la kuandika hadithi kwa Kiswahili. Muhammed Said Abdulla alipeleka hadithi yake, na akapata zawadi ya kwanza. Kumbuka kuwa Julai 1957 ndipo Wazanzibari walipopiga kura yao ya kwanza katika uchaguzi, na vichwa vya watu vilikuwa vimejaa habari za vyama. Katikati ya kelele hizo, mwandishi huyu aliandika habari za maiti moja na swali moja.

Hadithi hiyo ilitoka kama kitabu mwaka 1960 kwa jina la Mzimu wa Watu wa Kale. Wataalamu wa fasihi wanaitaja kuwa ndiyo iliyofungua njia ya riwaya ya upelelezi katika Kiswahili.

Maiti kwenye mzimu

Hatutakueleza muuaji ni nani. Huo utakuwa wizi. Lakini tunaweza kueleza mwanzo.

Katika pwani yetu, mzimu ni mahali ambapo watu wanaamini roho za wazee waliotangulia zipo. Panaweza kuwa pango, mti mkubwa au magofu ya zamani. Watu huenda na ubani, vitambaa na chakula, wakaomba watoto, mvua au afya. Ni mahali pa heshima na pa hofu, na giza likiingia hakuna anayetaka kupita karibu.

Katika riwaya hii, mahali kama hapo ndipo inapokutwa maiti ya Bwana Ali, mtu mwenye mali na mashamba. Amekufa kifo kibaya. Jambo la kwanza linaloingia katika vichwa vya watu ni mzimu wenyewe. Na hofu ikishaingia, maswali hukoma. Nani atakwenda kuuliza mzimu kwa nini umeua?

Hapo ndipo anapoingia Bwana Msa. Yeye si askari. Ni raia mwenye akili, mtulivu, mvuta kiko. Anaye rafiki yake, Najum, kijana anayefuatana naye na ambaye mara nyingi hukimbilia jawabu la haraka na la makosa. Yupo pia Inspekta Seif wa polisi, mtu wa kazi na sheria, ambaye ana pingu lakini hana subira kama ya Bwana Msa. Watu watatu hawa wanatujia tena katika vitabu vya baadaye, mpaka msomaji anawazoea kama majirani.

Bwana Msa anaitazama maiti kwenye mzimu na kuuliza maswali ya kawaida kabisa. Nani alimwona marehemu mwisho? Alikuwa anakwenda wapi, na kwa nini njia ile? Nani alikuwa na ugomvi naye? Nani anapata nini yeye akifa? Zamani ya familia hii ina nini ambacho watu hawapendi kukisema? Kidogo kidogo, kwa maswali hayo, hofu ya mzimu inapungua na mkono wa binadamu unaanza kuonekana.

Wengi wamemlinganisha Bwana Msa na Sherlock Holmes, mpelelezi wa Kiingereza aliyebuniwa na Arthur Conan Doyle na kuonekana kwa mara ya kwanza mwaka 1887. Mfano upo wazi: kiko, akili ya kupima vitu vidogo, na rafiki wa kuandamana naye. Muhammed Said alijifunza kutoka huko, na hakuna aibu katika hilo. Fundi seremala huiga kiti alichokiona mjini, lakini mbao anazikata porini kwake. Mbao za hadithi hizi ni za Unguja: mashamba, barza za kahawa, ndoa na talaka, urithi, ukoo uliofichwa, ubani na hirizi. Lugha nayo ni ya Unguja, nzito kwa methali na mizaha, lugha ya mtu anayependa kusimulia na hana haraka ya kukuachia.

Kimya kirefu, kisha mvua ya vitabu

Baada ya Mzimu wa Watu wa Kale, Zanzibar ilipitia mambo makubwa. Uhuru ulikuja tarehe 10 Desemba 1963. Mapinduzi yakafuata tarehe 12 Januari 1964, na Muungano na Tanganyika tarehe 26 Aprili mwaka huo huo. Mashamba makubwa yalitaifishwa, na maisha ya zamani ambayo Bwana Msa aliyazoea yakaondoka.

Kitabu cha pili, Kisima cha Giningi, kilitoka mwaka 1968, mwaka uleule aliostaafu. Giningi katika masimulizi ya Wazanzibari ni mji wa wachawi ulioko chini ya ardhi, mahali pa kutajwa kwa sauti ya chini. Kwa mara nyingine mwandishi alichagua jina linaloleta baridi mgongoni, kisha akampeleka Bwana Msa humo na maswali yake yaleyale.

Alipokuwa mstaafu alipata muda, na vitabu vikaja mfululizo. Duniani Kuna Watu kilitoka mwaka 1973, Siri ya Sifuri mwaka 1974, Mke Mmoja Waume Watatu mwaka 1975, na Mwana wa Yungi Hulewa mwaka 1976. Vinne kwa miaka minne, na mwandishi mwenyewe amepita umri wa miaka 50. Cha mwisho kilikuja mwaka 1984, kikiitwa Kosa la Bwana Msa. Jina hilo peke yake linaonyesha ujasiri wa mzee huyu. Baada ya miaka zaidi ya 20 ya kumfanya Bwana Msa kuwa mtu asiyeshindwa, alikubali kuweka neno kosa mbele ya jina lake.

Jumla ni riwaya saba. Vitabu hivyo vimesomwa na wanafunzi wa vizazi kadhaa Afrika Mashariki, na watu wazima wengi wanaojua kusoma kwa raha leo watakuambia kuwa raha hiyo ilianza kwa kitabu kimoja cha Bwana Msa walichokisoma kwa taa ya kibatari. Muhammed Said Abdulla alifariki mwaka 1991, akiwa na miaka zaidi ya 70.

Waliopita njia aliyoilima

Mlango ukishafunguliwa, watu huingia. Mwaka 1965 Faraji Katalambulla alitoa Simu ya Kifo, riwaya ya upelelezi ya upande wa bara. Miaka ya 1970 akaja Elvis Musiba na jasusi wake Willy Gamba, anayeruka kwa ndege kutoka nchi hadi nchi. Kasi iliongezeka, bunduki zikawa nyingi, na mahali pa kiko na maswali ya polepole pakachukuliwa na magari na hoteli za mjini.

Na hapa watu wa Kigoma tuna la kujivunia. Ben Mtobwa, aliyefariki mwaka 2008, alikuwa mwana wa mkoa huu. Ndiye aliyemleta Joram Kiango, mpelelezi ambaye vijana wa miaka ya 1980 na 1990 walimjua kuliko baadhi ya wajomba zao. Kutoka Makunduchi mpaka Kigoma ni safari ndefu ya bahari na nchi kavu, lakini katika fasihi ni jirani. Mzanzibari mmoja alilima njia, na mtu wa ziwani akaipita akiwa na mzigo wake.

Lawama zake

Si haki kumsifu mtu bila kusema alipolaumiwa. Wahakiki wamesema kuwa riwaya za Bwana Msa zinatazama sana nyuma, katika Zanzibar ya mabwana wenye mashamba, na kwamba mapinduzi yaliyogeuza nchi nzima hayapewi nafasi humo. Wengine wamesema hadithi zake zina mafundo mengi mno: mtu anageuka kuwa ndugu wa mtu, mtoto aliyedhaniwa amekufa anapatikana hai, na sadfa zinafuatana mpaka msomaji anachoka kuhesabu nasaba.

Lawama hizo zina ukweli. Msomaji kijana wa leo, aliyezoea filamu fupi kwenye simu, atakutana na kurasa ambazo watu wanazungumza tu na hakuna anayekimbizwa. Ushauri wetu ni kuvumilia. Katika mazungumzo hayo ndimo mwandishi anamoficha vitu. Neno moja alilolisema mjakazi kwenye ukurasa wa 20 linaweza kuwa ndilo linalomfunga mtu kwenye ukurasa wa 120.

Kwa nini sisi huku tumsome

Sasa tuje nyumbani. Kuna sababu moja iliyotufanya tuandike makala haya kwa ajili ya wasikilizaji wa Busunzu, na si ya kifasihi tu.

Mkoani kwetu Kigoma, wakubwa kwa wadogo tunalijua neno kamchape. Ni watu wanaoingia kijijini wakidai wanao uwezo wa kuwafichua wachawi. Wanachangiwa fedha, wanapiga ngoma, wanaingia nyumba za watu, wanachimba na kutoa vitu wanavyosema ni vya uchawi. Wakiondoka wanaacha nyuma yao mtu aliyeoneshwa kidole. Mara nyingi ni mzee, mara nyingi ni mwanamke, mara nyingi ni mtu asiye na watoto wa kumtetea. Nyumba zimechomwa kwa njia hii. Watu wamefukuzwa vijijini mwao, na wengine wamepoteza maisha. Katika mikoa ya jirani ya magharibi na Kanda ya Ziwa, bibi vizee wameuawa kwa sababu tu macho yao ni mekundu, wakati kila mwanamke aliyepikia kuni kwa miaka 50 anajua wekundu huo unatoka wapi. Ni moshi.

Sheria yetu iko wazi. Sheria ya Uchawi, ambayo asili yake ni ya mwaka 1928, inakataza kujidai kuwa na uwezo wa kichawi, na inakataza kumtaja mtu hadharani kuwa ndiye aliyeleta kifo au ugonjwa kwa uchawi. Lakini sheria iko mbali, na hofu iko mlangoni. Mtoto akifa ghafla usiku, ng'ombe wakianguka, mvua ikikatika, moyo wa mwanadamu unatafuta mtu wa kumlaumu kabla ya kutafuta sababu.

Bwana Msa ni dawa ndogo ya ugonjwa huo. Hawahubirii watu wala kuwacheka wanaoamini mizimu. Muhammed Said, mtoto wa Makunduchi, alijua vizuri kuwa watu wanaoogopa si wajinga. Alichofanya ni kumweka msomaji mahali pa hofu, karibu na maiti, kisha kumwonyesha jinsi ya kuuliza swali la kwanza, halafu la pili, halafu la tatu. Kila riwaya ni mazoezi ya jambo hilo hilo: mtuhumiwa wa kwanza aliyepigiwa kelele na watu wote huwa si yeye. Kama wangemchukulia hatua siku ile ya kwanza, wangemwadhibu asiye na hatia, na muuaji wa kweli angekuwa amesimama katikati yao akipiga kelele kama wao.

Fikiri maana yake kijijini. Anayefaidika na kifo cha bibi aliyesingiziwa uchawi mara nyingi ni mtu anayelitaka shamba lake. Swali la Bwana Msa, nani anapata nini, lingetosha kuzima ngoma nyingi za kamchape kabla hazijaanza. Na swali jingine, je mtoto alikuwa na homa siku ngapi na alipelekwa zahanati lini, lingeleta jawabu la malaria au kuhara mahali ambapo watu walikuwa wakitafuta hirizi darini.

Namna ya kumsoma

Kwa vijana wanaotaka kuanza, tunashauri waanze na Mzimu wa Watu wa Kale, kwa kuwa ndipo Bwana Msa anapotambulishwa. Ulizeni kwenye maktaba ya shule, ulizeni kwa walimu wa Kiswahili, ulizeni kwa wazee waliosoma miaka ya 1970 na 1980. Mara nyingi kitabu kipo ndani ya sanduku chini ya kitanda, kikisubiri kuulizwa.

Mkikipata, someni kwa kikundi. Mmoja asome kwa sauti, wengine wasikilize, kama mnavyotusikiliza sisi. Mwisho wa kila sura kila mtu aandike pembeni jina la anayemshuku, pamoja na sababu yake. Sababu ndiyo muhimu. Anayesema anamshuku fulani kwa kuwa sura yake si nzuri, au kwa kuwa ni mgeni, au kwa kuwa haongei na watu, mwambieni arudi kutafuta sababu nyingine. Mkifika mwisho mtaona ni wangapi mlikuwa tayari kumfunga mtu asiyehusika.

Na wale waliokuta kurasa za mwisho zimechanika, wasikate tamaa. Tukutane katika kipindi, mtuambie mmefika wapi na mnamshuku nani. Jina la muuaji hatutalitoa hewani. Tutawauliza tu, kama Bwana Msa angeuliza, mna ushahidi gani.